Chai ya Kasha la Udi

Mume wangu, Mahfoudh, alikuwa muonja chai Unguja. Nikimtania kuwa mke mkubwa ni ulimi wake, mimi wa pili. Wala hakujua kusifia chai mbaya. Ya mama yangu aliitema mbele ya wageni.

Mchina mmoja mnunuzi wa majongoo ya pwani alimpa chai mbichi ya kwao iitwayo Pu-erh, iliyoshindiliwa ikawa duara kama mkate wa kumimina. Alimwambia aiweke: kila mwaka ukali utapungua na utamu utaongezeka. Mwaka 1964 Mahfoudh akafungwa, nami nikakimbilia Maskati na chai yake. Niliihifadhi kama tunavyohifadhi kila kitu cha thamani, ndani ya kasha la nguo, katikati ya kanga, udi na karafuu. Ikakaa miaka mitano.

Alipotoka jela akanifuata, mifupa mitupu. Tulikuwa tukikaa chumba cha kuazimwa. Thani, tajiri wa chai wa Matrah, alikubali kumwajiri, ila kwanza kesho yake asubuhi akaonje mbele yake. Hatukuwa na kingine cha kutulisha ila ulimi ule.

"Kwanza nnataka ile yangu," akasema Mahfoudh. "Kule ndani nilikuwa nkiionja kichwani kila siku."

Akaimega kwa kisu, taratibu. Maji ya kwanza aliyamwaga, ya kuoshea majani tu. Ya pili akayaacha kidogo, akamimina bila sukari wala maziwa. Akanusa, macho kayafumba, akavuta funda kwa kelele kama zamani.

"Vipi, bwana?" nikamuuliza.

"Ndiyo yenyewe. Uchungu kwanza, kisha utamu unarudi kooni." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Umeniwekea vizuri, Kheiria. Onja."

Nikaonja. Udi mtupu, na karafuu nyuma yake, kama niliyetafuna kanga. Chai haikuwemo kabisa. Niliiua mwenyewe, kwa mapenzi yangu ya kijinga.

Nikamtazama, nikiomba Mungu, mume wangu awe ananidanganya kwa huruma.

"Husikii harufu yoyote, bwana?"

"Harufu gani?" Akanishangaa kweli. Akasogeza kikombe. "Nitilie tena. Kesho Thani atanikoma."

Nikamtilia.