Mlimau Uliofukiwa na Kiriba

Nyuma ya jiko letu kuna mlimau alioupanda marehemu mume wangu wiki aliyozaliwa binti yetu. Binti sasa ana mvi, na mti ulikuwa haujazaa hata limau la kutia kwenye chai.

Zamani miche ilikuja ndani ya vikapu vidogo vya majani makavu. Unafukia mche na kikapu chake. Kinaoza chenyewe, mizizi inapita. Kisha vikaja viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki. Mume wangu alileta cha kwanza amekikumbatia kama amebeba mayai. Akaufukia mche na kiriba chake, kama tulivyozoea, akashindilia udongo kwa kisigino. "Wajukuu watakunywa juisi mpaka wachoke," akasema.

Mwaka jana mjukuu wangu, tumbo likimtangulia, akaja na panga.

"Bibi, leo mlimau huu, mume wetu huyu, namkata. Nataka pa kuanika nepi."

"Mke mwenza, wivu utakuua. Amekukosea nini?"

"Anakula bure! Maji kila siku, limau hakuna."

"Chimba kwanza. Mizizi ikiwa imeoza, kata, sisemi neno."

Nilisema hivyo roho ikiwa mkononi. Picha ya yule mzee sina, nina mti.

Akachimba, mimi nikizoa udongo kwa bakuli. Kiriba tukakikuta kinang'aa kama cha jana, mizizi imejizungusha ndani kama kata ya kubebea ndoo, michache tu imechungulia kwenye vitundu vya chini. Aliyekifukia hata sanda yake imeshaisha. Chenyewe kipo.

Mjukuu akaweka panga chini. "Masikini babu. Mti wake kaufunga mwenyewe."

Tukakichana polepole kwa kisu cha jikoni, tukaikunjua mizizi, tukafukia. Ukingo wa juu wa kiriba, uliobaki nje ya udongo ukipigwa na jua miaka yote, ulimeguka vipande vidogo kama magamba ya samaki. Tuliokota mpaka mgongo wangu ukakataa.

Sasa mlimau umetoa maua. Kitukuu wangu anakaa chini yake, nepi zake zikipepea matawini. Jana nilimwona anatafuna. Nikamtia kidole kinywani: kipande cheusi cha kiriba.

"Kala nini, bibi?" mjukuu akauliza kutoka jikoni.

"Cha babu," nikasema, nikapiga magoti kuupekua tena udongo kwa vidole.