Jina Lililokuwa Kwenye Karatasi ya Frigo

Barua ya kunidai niliichapa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa sekretere wa Maître Kasongo, avoka wa mahakamani, pale Nyawera, chumba cha juu kinachotazama soko. Nina diploma na naandika barua bila kosa. Asubuhi moja Papa Sumaili, mwenye duka la vyombo vya umeme, alipanda ngazi na karatasi mkononi. Alinisalimia vizuri. Hakunitambua, kwa sababu frigo nilikuwa nimeichukua kwa mdogo wake, wakati yeye yuko Uvira.

Maître alisoma karatasi. “Madame Emérence, mke wa Edouard, mtaa wa Nguba. Ni yote?”

“Ni yote. Amelipa miezi ine, imebakia munane. Frigo inakula umeme, mie nakula vumbi.” Papa Sumaili alijitupa kwenye benchi. “Tangu serikali ikatae majina ya wazungu, nusu ya bateja yangu bamekufa bila kilio. Namutafuta Emérence, banasema hapa hakuna Emérence.”

Maître alicheka. Nami nikacheka. Kicheko kile bado kinaniwasha.

Emérence ni mimi. Edouard ni mume wangu, ambaye sasa kitambulisho chake kinasema Birindwa, na changu kinasema Cibalonza, jina pekee ambalo Maître alinijua nalo. Tulipopewa vitambulisho vipya nilikuwa nimechelewa kulipa wiki mbili. Nikaitazama karatasi ya mkopo, nikajiambia kwamba mtu aliyetajwa humo hayupo tena. Mimi, mwenye diploma, ninayechapa mambo ya sheria tangu asubuhi hadi jioni, ndivyo nilivyojiambia. Mwezi wa kwanza niliogopa. Mwezi wa tatu nilikuwa nauza barafu na kujiona mjanja. Jirani yangu Nyota alipoisifu frigo, nilimwambia nimemaliza kuilipa.

“Mudeni asipoonekana, tunashika mudhamini,” Maître alisema. “Iko?”

“Iko. Muzee moja wa Nyantende. Aliweka kidole. Ana ng’ombe.”

“Basi imeisha. Citoyenne Cibalonza, andika.”

Citoyenne, yaani raia, ndilo lililochukua nafasi ya Madame. Nikaandika. Siku nane za kulipa. Zikipita, kesi kwa tribinali. Baada ya hukumu, huissier wa tribinali anakuja na askari, anaandika vitu vya nyumba kimoja kimoja, vinauzwa mbele ya watu. Gharama za kesi na riba zinaongezwa juu ya deni, na mshahara unakatwa mpaka liishe. Maneno hayo nilikuwa nimewachapia watu wengi.

Mzee wa Nyantende ni tonton Ignace, kaka ya mama yangu. Kijijini hakuna aliyejali jina lake jipya. Siku ya mkopo alikuja mjini kwa miguu, akachovya kidole kwenye wino, akamwambia mdogo wa Sumaili: “Huyu mutoto yetu amesoma, hawezi kutupatisha haya.” Ng’ombe alikuwa mmoja tu, wa mahari ya mtoto wake, na wakwe walikuwa wameshapanga siku.

Nilifika mahali pa kuandika jina la mdhamini, mashine ikanyamaza. Tonton hajui kusoma. Barua zake zote huniletea mimi. Angetoka Nyantende na hii mfukoni, aketi kwangu kando ya frigo ileile, nimpe maji baridi, halafu aniambie: “Nisomee, mwanangu.”

Nikaitoa karatasi, nikaweka nyingine. Mahali pa mdaiwa niliandika Citoyenne Cibalonza, zamani Emérence, na avenue yetu, na namba ya nyumba. Nikampelekea Maître atie sahihi.

Alivua miwani. “Hii adresse umeitoa wapi?”

“Ni ya kwangu, Maître.”

Papa Sumaili aliinuka polepole. “Weye? Si umecheka pamoja na siye sasa hivi?”

“Nilicheka.”

“Maman, nionee huruma hata kidogo! Ungenificha, sawa. Lakini kunicheka?”

Nikamwomba tuyamalize pale pale, nimlipe kidogo kidogo.

“Hapana. Nikikuachilia, kesho wote watakuja kuniambia majina yao yamekufa. Utajibu ku tribinali. Na muzee ataitwa pia, mupaka nisikie kwa kinywa yako kama deni iko yako.”

Jumapili nilikwenda Nyantende na barua ya kumwita tonton kwenye kesi. Nilimsomea yote, sikuruka mstari.

“Emérence si ni weye?” aliuliza.

“Ni mimi.”

Alikunja karatasi vizuri, kama vile ingemfaa siku nyingine. “Basi nitakuja. Nikusikie ukisema ivyo mbele ya batu.” Hakunikaribisha kula.

Siku ya kesi alikaa mbele, amevaa koti lake la misa. Karani alisoma kama mkopo ulivyoandikwa: “Emérence!”

Ukumbi ulicheka. Mtu wa nyuma alisema: “Iyo jina ilishakatazwa, weye karani!” Miongoni mwa waliocheka nilikuwa nimewachapia barua watatu. Pale, mdaiwa huitwa mara tatu. Asipojibu, anaitwa mdhamini.

“Emérence!”

Bado nilikuwa nimekaa. Tonton hakugeuka kunitazama. Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa benchi, akijiandaa kusimama.

“Niko,” nilisema, na nikasimama kabla yake. “Deni ni langu lote.”

Hukumu haikuchukua dakika kumi. Frigo irudi, theluthi ya mshahara ikatwe kwa mwaka mzima, gharama juu yangu. Maître aliniacha kazini, ila ufunguo wa kabati la dosye za kesi aliuchukua. Tonton alitoka bila kuniaga. Ng’ombe alikwenda kwa wakwe mwezi uliofuata, na taarifa niliipata kwa mtu mwingine.

Huissier alikuja mchana. Wanaume wawili waliibeba frigo ikivuja maji ya barafu hadi kwenye njia. Nyota alikuwa anaanika nguo.

“Mama, imeharibika? Wanaipeleka kutengeneza?”

Uongo ulikuwa tayari, umeshafika mdomoni.

“Haikuharibika,” nikamjibu. “Sikuilipa.”