Mama Mkwe Katika Daftari la Viumbe

Mhadhiri alipofika dirishani kwa msajili wa idara kuomba mnyama, wanyama walikuwa wamekwisha.

"Siafu alichukuliwa zamani," msajili alisema akipekua daftari. "Nyuki, popo, nyangumi, wote wana wenyewe. Mende ana watafiti wawili na hawasalimiani."

Mhadhiri alikuwa mtu wa hisabati tupu, wa kuthibitisha mambo kwa kalamu na karatasi. Lakini idara ilikuwa imeamua kwamba kila mtafiti aifundishe kompyuta kutatua matatizo magumu kwa kuiga namna kiumbe fulani anavyotafuta riziki yake. Asiye na kiumbe hana utafiti, na asiye na utafiti mkataba wake hauongezwi.

Alirudi nyumbani amenywea. Sebuleni akamkuta mama mkwe wake anatafuta miwani. Aligeuza mito yote, akaenda kuchungulia ndani ya friji, akarudi kwenye mto uleule wa kwanza. Akasimama, akaguna. Mara akakata shauri, akaenda moja kwa moja bafuni, bila sababu yoyote ya maana, akatoka na miwani.

Mhadhiri aliacha mkoba ukaanguka.

Kwa wiki mbili alimfuata mama mkwe na daftari, chumba kwa chumba.

"Mkeo ananihesabia hatua," mama alimlalamikia mwanawe. "Nimemkosea nini?"

"Vumilia, Mama. Ni kazi."

"Kazi gani hiyo ya kumwandika mtu anavyoguna?"

Kompyuta ikafundishwa mwendo ule: kutafuta, kurudia palepale, kuguna, kisha kuruka mbali. Ratiba ya mitihani ya chuo kizima, iliyowashinda nyuki na popo, ikapangika kwa dakika nne.

Msajili hakuridhika. "Sharti awe kiumbe wa asili. Kamati itakuja kuhakiki."

Kamati ikaja, watu watatu wamebanana kwenye kochi moja. Profesa mwenyekiti akakohoa.

"Shikamoo, Mama. Samahani, tunaomba kujua kama wewe ni wa asili."

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja. "Marahaba. Nimezaa watoto saba, na meno haya yote ni yangu. Wewe je?"

Profesa, ambaye ya kwake yalikuwa ya kununua, aliandika haraka: *Wa asili.* Mama mkwe akaingizwa daftarini, katikati ya kware na mamba.

Ikabaki kuthibitisha kwamba kompyuta itafika mwisho, haitazunguka milele. Hapo mhadhiri alikwama. Alijaza karatasi hadi chini ya kitanda, mwisho akaenda jikoni kwa unyenyekevu.

"Mama, ukitafuta kitu usikipate, unaacha saa ngapi?"

"Nikishajua nani kakichukua."

Mhadhiri alikaa chini palepale sakafuni akaandika: kwa kila kinachotafutwa, ama kitapatikana, ama atapatikana wa kulaumiwa. Uthibitisho ulichukua kurasa tatu, na hakuna aliyeweza kuupinga.

Muhula uliofuata kompyuta ilishindwa kupanga ratiba. Iliguna mara mbili, ikachapa jina la msajili.

"Mashine inanisingizia!" msajili alifoka. Lakini kamati ilipofungua ukumbi mkubwa wa mitihani ilikuta kamba zimefungwa ukuta hadi ukuta, na mashati ya msajili kumi na mawili yakikauka kwa utulivu. Aliomba radhi, akapewa siku mbili za kuyaanua.

Mkataba wa mhadhiri uliongezwa miaka mitano. Alipompelekea mama mkwe habari hiyo, alimkuta amevaa nguo ya kutokea, amenuna kidogo.

"Kumbe siku zote mlikuwa mnasumbuka na mimi," alisema. "Mimi natafuta kistaarabu. Ungemwona mdogo wangu! Akipoteza ufunguo, majirani wanahama."

"Anakaa wapi, Mama?" mhadhiri aliuliza, na tayari alikuwa anavaa viatu.