Turubai la Bluu la Tereza

"Usimpe!"

Tereza alikuja mbio kutoka ufukweni, peku, akakidaka kijiko kabla hakijafika mdomoni mwa mtoto. Gladness, bintiye, akabaki ameduwaa.

"Mama, vipi? Si uji wake uleule wa dagaa?"

"Ndiyo huo." Aliuchokoa kwa ukucha, akatoa chembe ya bluu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Kisha nyingine.

Mtaa wote wa Pasiansi ulimjua Tereza kwa lile turubai. Wenzake walianika dagaa mchangani, wateja wakaishia kulalamikia meno. Mambo yalipokuwa ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa na maduka ya mjini yakajaa plastiki za kila rangi, yeye akanunua turubai la bluu la kuanikia, akaringa nalo. Na kwa nini asiringe? Dagaa wake hawakuwa na mchanga hata kidogo. Lakini jua la Mwanza halina adabu. Msimu wa pili turubai likakakamaa, likawa linapukutika kila akilikunja, naye akilikung'utia ziwani bila wasiwasi wowote. Asubuhi hii tu, akichambua dagaa wa kuuza, ndipo alipoziona chembe zake.

"Tangu lini?" Gladness aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Tangu ameanza uji?"

Tereza alikiweka kijiko mbali. Mjukuu alikuwa akilia kudai kijiko chake, mashavu yamejaa, hana hata mafua, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Homa angeijua. Kuhara angekujua. Lakini aliyekula turubai anaumwa nini, na anaanza kuumwa lini? Angemwuliza nani?

"Umemlisha plastiki mwanangu, mama," Gladness alisema.

Alimfunga mtoto mgongoni, wakaenda wote ufukweni kuliondoa turubai. Waliposhika pembe na kuvuta, turubai likapasuka katikati. Upepo wa asubuhi, ule unaotoka nchi kavu, ukazoa vipande ukavimwaga ziwani, palepale watu wa Jumapili walipokuwa wakiogelea. Kijana mmoja alijaza maji mdomoni, akamrushia mwenzake, wakacheka.

"Msinywe! Jamani, hayo maji msinywe!"

"Shikamoo, mama! Mbona tunaogelea tu?"

Hata kuitikia marahaba alisahau. Alivua kanga ya mabegani, akampa Gladness pindo moja, wakaingia hadi magotini, wakaikokota kanga majini kama wanavyofanya wasichana wakivua samaki wadogo.

"Mnavua nini, mama?" yule kijana aliuliza, akisogea.

"Inua," Tereza alimwambia bintiye.

Maji yalichujika. Kwenye kanga vilibaki vipande vya bluu, majani, na vidagaa vichanga vikirukaruka. Tereza aliona huruma, kwa nini vife bure? Akaanza kuvirudisha ziwani kimoja kimoja. Cha mwisho alikiacha kiganjani. Kilikuwa bado hakijapata rangi, mwili wake unaonekana hadi ndani, uti wa mgongo mwembamba kama uzi. Tumboni kulikuwa na kidoa.

"Mama, hicho ni nini?"

Tereza aligeuza kiganja kukwepa jua, akaomba kiwe kivuli tu. Akakigeuza tena. Kidoa kilikuwa bluu.

Mtoto, mgongoni kwa mama yake, alinyoosha mkono akikitaka.