Ngazi Inayoshuka Yenyewe

Siku mume wangu Lesian alipoileta ile pikapu Oldonyo Sambu, jambo la kwanza lililotokea ni mwalimu Nathanaeli kugongwa ugoko. Majirani walikuwa wamelizunguka gari, wanalisifia, Lesian akafungua mlango awaonyeshe viti. Uvunguni kukasikika mngurumo mdogo, ubao mrefu mweusi ukajitokeza, ukashuka, ukasimama. Mwalimu alikuwa karibu mno. Aliinama, akapapasa mguu, akasema taratibu, "Lesian, gari lako limenipiga teke."

Ilikuwa pikapu kubwa ya milango minne, iliyoinuka juu sana, aliyoinunua kwa mtafiti mmoja wa madini aliyekuwa anarudi kwao. Kila upande ilikuwa na ngazi ya umeme. Ukifungua mlango inashuka yenyewe, ukifunga inajikunja na kurudi uvunguni. Ukilitazama gari kwa mbali huwezi kujua kama lina kitu cha namna hiyo.

Mwezi wa kwanza tulijifunza kuishi nayo. Tulizoea kufungua mlango huku tumerudi nyuma hatua moja. Kuku waliozoea kulala kivulini chini ya gari walizoea kukimbia wakisikia kitasa. Mbuzi wa jirani aligundua kwamba mlango ukiachwa wazi pana pahali pazuri pa kusimama na kuchungulia ndani, na siku moja nilimkuta anamalizia karatasi ya bima. Lakini adui mkubwa alikuwa vumbi. Upande wetu huu wa kaskazini mwa mlima vumbi ni laini kama unga wa sembe, na likishaingia mahali halitoki. Wiki ya sita ngazi ya kushoto ikaanza kulia kila ikishuka. Lesian akachukua kopo la grisi, akalala chini ya gari karibu saa nzima, akapaka kila palipozunguka. Kelele ikaisha. Alitembea kama fundi kwa siku mbili.

Sasa nimwelezee mama yangu, maana bila yeye ngazi hii isingekuwa na habari.

Mama yangu, Nashipae, anakaa kwenye boma lake juu kidogo ya kwetu. Magoti yake yamechoka, na ni mama wa mwili. Mimi nikisimama nyuma yake sionekani. Na kuna jambo ambalo wageni inabidi waambiwe. Katika ukoo wetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Lesian hawezi kumshika mama mkono, sembuse kumwinua. Hata maneno yalikuwa yanapitia kwangu. Lesian akiwa amekaa hatua tatu tu kutoka kwake, mama husema, "Simaloi, mwulize mumeo kama mvua imefika kwao." Lesian hunigeukia mimi na kunijibu kwamba imefika.

Miaka miwili kabla ya hapo tulimpeleka mama hospitali kwa gari letu la zamani, nalo lilikuwa refu bila ngazi yoyote. Nilimvuta nikiwa juu, nikashindwa. Lesian alisimama kando, mikono nyuma, anatazama chini. Ikabidi wanaume wanne waliokuwa wanatoka mnadani wamnyanyue. Mmoja akahesabu moja, mbili, tatu, kama wanapakia gunia la viazi, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Tuliporudi alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Mimi na magari tumemalizana."

Akawa hatoki. Kanisani haendi, mnadani haendi. Dada yake, mama mdogo Anna, anaishi Terrat, ng'ambo ya pili ya mji wa Arusha, naye miguu yake si mizima. Miaka miwili dada hao wawili waliongea kwa simu tu, kila mmoja akipaza sauti kana kwamba anataka imfikie mwenzake kwa upepo.

Kwa hiyo pikapu ilipokuja, Lesian hakumwambia mama chochote. Jioni moja aliendesha hadi bomani kwake, akaiegesha mbele ya mlango, akafungua mlango wa abiria, kisha akaenda mbali, akajifanya anakagua uzio wa ng'ombe. Ngazi ikashuka. Mama akaiangalia kwa muda mrefu.

"Nani anaisukuma?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, Yeyo," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kimaasai. "Ni umeme."

Akaigonga kwa fimbo yake. Akaniambia nifunge mlango, nifungue tena, nifunge, nifungue. Mara ya tano akaingia ndani kwake bila kutoa hukumu. Siku ya pili alifika hadi kuikanyaga kwa mguu mmoja. Siku ya tatu, asubuhi, alishika kile kishikio cha ndani ya mlango, akapanda ngazi, akapumzika hapo kidogo, kisha akajigeuza akakaa kwenye kiti. Akanyoosha shuka lake magotini. Alitazama mbele, lakini niliona mashavu yake yanavyojizuia.

"Hakuna aliyenishika," alisema.

Kuanzia siku hiyo akawa na safari nyingi kuliko mbunge. Alikwenda kanisani, akaenda kwa fundi cherehani, akaenda kusaga mahindi ambayo angeweza kumtuma mtu ayapeleke. Nadhani safari nyingine zilikuwa za kupanda na kushuka tu watu wakimwona.

Ndipo mama mdogo Anna akapiga simu kwamba mjukuu wake anapata kipaimara Jumapili, ibada saa nne, Terrat. Mama akajibu, "Nitakuja na miguu yangu."

Usiku wa kuamkia Jumapili mvua ilinyesha. Tuliondoka mapema, njia ya kutoka kwetu hadi lami ikiwa tope jekundu, gari likaoga pande zote. Tulipofika lami jua likawaka kali, tope likaanza kukauka tukiwa njiani. Tukafika Sakina, mji unapoanzia, saa mbili na nusu. Mama alitaka kushuka achague mwenyewe kitenge cha zawadi, kwa sababu alisema mimi huchagua vitenge vya watu wenye huzuni.

Nikafungua mlango. Ngazi ikanguruma, ikatoka kama upana wa kiganja, ikatetemeka, ikanyamaza.

Nikafunga, nikafungua. Safari hii haikunguruma hata kidogo.

Mama akabaki kule juu, fimbo mkononi, mguu mmoja umeshatangulia hewani. Akaurudisha ndani polepole. Sakina haikosi watu hata Jumapili, na haikuchukua muda vijana wa bodaboda wakasogea.

"Mama, tukushushe? Tuko watatu hapa," mmoja akasema kwa heshima kabisa.

"Asante, mwanangu," mama akajibu. "Leo sishushwi."

Lesian alikuwa amezunguka gari, amepiga magoti kwenye lami na suruali yake ya kanisani, anavuta ule ubao kwa mikono. Haukusogea. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Nilijua anaiona siku ile ya wanaume wanne.

"Mwambie mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "tunaweza kwenda hivi hivi Terrat tuwahi ibada, kule watamsaidia. Au tutafute fundi hapa, tuchelewe."

Kabla sijafungua kinywa, mama akasema, "Nimesikia. Tafuteni fundi. Siendi kunyanyuliwa mbele ya kanisa la Anna."

Karakana iliyokuwa wazi ilikuwa moja, ya familia ya Mzee Mahendra, walioko Sakina tangu enzi za babu yao. Aliyekuja alikuwa binti yake Hiral, fundi umeme wa magari, mwenye ovaroli na tochi kichwani mchana kweupe. Kwanza alimsalimia mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi ni wewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Vizuri. Mimi siondoki hapa, kwa hiyo usiharakishe."

Hiral akatandika boksi chini, akaingia uvunguni. Tukaona viatu vyake tu. Baada ya muda sauti ikatoka, "Nani amepaka grisi huku?"

Vijana wa bodaboda wakamtazama Lesian, sijui walijuaje.

"Grisi inashika vumbi," sauti ikaendelea. "Vumbi na tope la leo vimekuwa saruji. Mota imejaribu kusukuma, imezidiwa, imeungua. Hizi zinasafishwa kwa maji na brashi, basi. Ukitaka kulainisha unapuliza dawa kavu, si grisi."

Mama akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kilichoitikisa pikapu, na vijana nao wakacheka, hata Hiral kule chini. Lesian alisimama anafuta mikono kwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa kichafu kuliko mikono. Kisha mama akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Alimgeukia yeye mwenyewe, si mimi.

"Lesian," akasema. "Siku ile ya hospitali sikukukasirikia. Nilikuona ulivyosimama. Nilijua kwamba kama ungeweza, ungenibeba mpaka mjini."

Lesian alitazama kitambaa chake. "Nimekaa nalo miaka miwili, mama," akasema.

"Basi liache hapa Sakina. Kuna mahali pa kutosha."

Mimi nikajifanya naangalia vitenge vilivyotundikwa kwenye duka la jirani.

Hiral alitoka akatueleza hali ilivyo. Mota mpya ya ngazi hiyo haipo Arusha, itabidi iagizwe. Lakini angeweza kuitenganisha ngazi na mota, akaishusha kwa mkono, akaibana kwa bolti ikae chini bila kurudi. Mama angeshuka na kupanda atakavyo. Tatizo ni kwamba ingebaki nje muda wote, hata gari likitembea.

"Ibane," mama alisema.

Ilimchukua nusu saa, ndoo nne za maji na matusi kadhaa ya Kigujarati, nadhani yalikuwa matusi. Ngazi ikashuka, ikakaa imara. Mama akashika kishikio, akashuka, akavuka hadi dukani kwa mwendo wake, akakataa vitenge tisa, akachukua cha kumi, cha manjano yenye ndege. Akarudi, akapanda, akafunga mlango. Hiral alipoambiwa kwaheri akasema tukirudi tumletee keki ya kipaimara.

Safari ya kutoka pale hadi Terrat sitaisahau. Pikapu yetu ilipita katikati ya mji na mguu mmoja nje. Kila mwendesha bodaboda alitukimbiza kutuambia. "Mzee, ngazi!" Kwenye mzunguko mama mmoja muuza ndizi aliacha biashara yake akatupungia kwa mikono miwili akionyesha chini. Askari wa usalama barabarani akatusimamisha, akainama, akatazama, akauliza kama tunajua.

"Tunajua, afande," Lesian akasema. "Ni ya mama mkwe."

Askari akamtazama mama, akamsalimia shikamoo, akaturuhusu. Kuanzia hapo mama akachukua kazi ya kujibu mwenyewe. Aliteremsha kioo, na kila aliyetuita alimwambia, "Iko kazini hiyo." Kwenye matuta Lesian alikwenda kwa mwendo wa kinyonga, na bado tuta moja likaikwaruza, kraaa, kwa sauti ya kuumiza meno. Lesian alifumba jicho moja. Zamani angesimamisha gari ashuke kuangalia rangi. Aliendelea kuendesha.

Tulifika saa nne na dakika ishirini, wimbo wa kwanza ukiwa umeisha. Mama mdogo Anna hakuwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa kanisa, amevaa nguo mpya, anatazama barabara, na mzee mmoja wa kanisa kando yake alikuwa anambembeleza aingie. Lesian aliegesha karibu kabisa. Mama akafungua mlango, akashusha mguu mmoja, akaushusha wa pili, akatulia hapo kwenye ngazi akiwa juu ya watu wote, akakagua kanisa la mdogo wake. Kisha akashuka chini.

Dada hao walishikana. Kwa kweli sikumbuki tena nani alilia kwanza. Nakumbuka mama mdogo alisema, "Umenenepa," na mama akamjibu, "Wewe umefupika," wakaingia kanisani wameegemeana kiasi kwamba hungejua nani anamsaidia mwenzake. Binti aliyekuwa anabarikiwa akageuka kuwatazama, akasahau alikuwa amefika wapi kwenye ungamo la imani, mchungaji akamngoja.

Baada ya chakula, kina mama wazee wa pale wakaanza kuijia ngazi mmoja mmoja. Mmoja alikuwa hajaenda kliniki mwezi mzima kwa sababu ya kupanda gari. Walipanda, wakakaa, wakashuka, wakabishana kuhusu kimo. Lesian aliulizwa maswali mengi, na kila aliyemuuliza alimwambia jambo la kwanza ni kutoweka grisi. Mzee wa kanisa naye akataka kujua kama fundi wa kawaida anaweza kuchomelea ngazi ya chuma kwenye gari la usharika, isiyo na umeme. Lesian akapima kwa kamba, akamchorea kwenye karatasi ya ratiba ya ibada.

Jua lilipoanza kupungua nikamwambia mama tuondoke. Akasema sawa, ila Anna anakuja naye, atakaa Oldonyo Sambu mpaka achoke. Begi lilikuwa limeshafungwa. Sijui walipanga saa ngapi. Mama mdogo akapandia upande wa dereva, ambako ngazi ilikuwa bado inashuka yenyewe, akaruka kidogo kwa mshtuko ilipojikunja chini yake mlango ulipofungwa, kisha akataka ufunguliwe tena aione vizuri. Mama akahamia nyuma wakae pamoja.

Walianza kuongea kabla gari halijawaka. Tulipofika Sakina kumpelekea Hiral kipande chake cha keki, walikuwa wamefika kwenye habari za mwaka ambao mimi sijazaliwa, na hawakutuona hata tuliposimama.