Sikio la Upande wa Njia

Ernesta alikuwa ameua hedifoni tatu ndani ya mwaka mmoja, na zote zilikufa kifo kilekile. Waya ulichoka pale unapoingia kwenye kichomeo, sikio moja likanyamaza, kisha la pili. Ya mwisho aliifunga kwa plasta ya kidonda, akawa anafanya kazi ameinamisha shingo upande, maana akiinyoosha tu sauti inakatika. Mtu aliyempitia dirishani angedhani ana jipu.

Na kazi yenyewe si ya kufanya na shingo iliyopinda. Alikuwa mkalimani. Kila asubuhi ya zamu, saa moja hadi saa tano, aliketi chumbani kwake Rulenge mbele ya kompyuta, akawaunganisha madaktari wa Australia na wagonjwa wanaozungumza Kirundi waliohamia huko. Kiingereza alikifundisha miaka tisa shuleni. Kirundi hakikumsumbua, kwa kuwa Kihangaza cha kwao kinasikilizana nacho vizuri. Kilichomsumbua ni jogoo na mvua ya kwenye bati. Wasimamizi wake walimwandikia mara mbili kwamba wagonjwa wanalazimika kurudia maneno, na mara ya pili wakampa wiki mbili: apate hedifoni ya maana, au zamu zake wapewe wengine. Zamu hizo ndizo zilizomweka mwanawe Fideli shule ya bweni, kwa sababu mshahara wa mumewe Wiston, mwalimu huko Biharamulo, ulikuwa na shughuli zake nyingine.

Jumamosi akaenda Ngara mjini, dukani kwa Mwanamvua. Babu yake Mwanamvua alitoka pwani kuuza kanga. Mjukuu anauza chaja, redio na kompyuta, na ana mdomo wa kukuuzia hata usichokijia. Lakini siku hiyo alikuwa mkweli. Alimwambia Ernesta aziache zile zinazong'aa, zimetengenezwa kwa ajili ya macho. Akamfundisha kuupinda mkanda wa kichwani ili ajue kama ndani kuna chuma au ni plastiki tupu, kutafuta mpira mzito pale waya unapoanzia, na kuchagua ya kuchomeka kwenye tundu la flashi. Maiki nayo iwe na mkono unaojipinda na kubaki pale ulipouweka, si ule unaolegea na kuangukia kidevuni.

"Na usinunue kwa kuvaa dakika mbili," alisema. "Keti hapo. Ikikuuma kabla sijamaliza chai yangu, irudishe."

Ernesta akaketi juu ya katoni la redio, kilemba kichwani, hedifoni juu ya kilemba. Ya kwanza ilimbana mifupa ya nyuma ya masikio. Ya pili ilikaa juu ya masikio na kuyachoma moto. Ya tatu ilikuwa na mito mikubwa laini iliyolizunguka sikio lote, ikakaa kama vile haipo. Mwanamvua akaifungulia sauti, akaenda nyuma ya pazia, akamwita kwa jina mara mbili, akapiga na makofi. Ernesta hakugeuka. Walicheka wote wawili, wakaona huo ndio ubora wenyewe, na Ernesta akarudi nayo nyumbani kwa furaha.

Kusema kweli ilikuwa hedifoni nzuri. Jumatatu asubuhi alimsikia mgonjwa akivuta pumzi kabla ya kusema, na katika pumzi ile akajua mama huyu anaogopa, akalainisha sauti. Mvua ilinyesha wala hakujua mpaka alipoona matope mlangoni. Wasimamizi wakamwandikia tena, safari hii kumpongeza. Mwezi mzima alifanya kazi hivyo, shingo imenyooka.

Kisha akaja bibi mmoja. Daktari alimuuliza anaumwa nini, na bibi akajibu kwa neno moja ambalo Ernesta hakuwahi kulisikia. Kanuni ya kazi iko wazi: usikisie. Alimweleza daktari kwamba mkalimani anaomba ufafanuzi, kisha akamwomba bibi aeleze neno lake. Kwa hedifoni ile alimsikia vizuri kabisa akisonya.

"Kwani huko uliko hakuna wazee?" bibi akauliza.

Kanuni nyingine ya kazi ni kwamba kila kinachosemwa kinatafsiriwa. Ikabidi Ernesta aligeuze swali lile kwa Kiingereza na kumsomea daktari, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mgonjwa anauliza kama huko aliko mkalimani hakuna wazee. Daktari alikohoa kwa haya, bibi akaonyesha mgongo wake, mambo yakaendelea. Lakini Ernesta alipovua hedifoni uso ulikuwa umemwiva.

Wazee walikuwapo. Alikuwapo baba Leonidasi, mdogo wa marehemu baba mkwe wake, ambaye kila asubuhi kama saa mbili hupita njia ya mbele ya nyumba akielekea barazani kwa fundi cherehani, jirani na misheni. Neno la kale likimshinda Ernesta, ni yeye aliyekuwa akimuuliza dirishani. Sasa alijaribu kukumbuka ni lini alimwona mara ya mwisho, asikumbuke.

Kesho yake hakuwa na zamu. Alisimama dirishani saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu. Njia ilipitisha mbuzi na watoto. Jirani yake Priscila alikuwa anatwanga, akaenda kumuuliza kama mzee anaumwa.

Priscila hakuacha kutwanga. Alisema mzee ni mzima, ila siku hizi anapita bondeni. Alisimama kwenye uzio wa Ernesta asubuhi sita, akakohoa, akasubiri, akaondoka. Siku ya saba akashika njia ya bondeni, yenye utelezi, na fimbo yake. Na watu wamesema kwamba Ernesta amepata kazi ya wazungu, shikamoo imekuwa nzito mdomoni.

Ernesta alielewa mara moja. Mkwe hafiki mlangoni kwa mkamwana wake ghafla, wala hamwiti kwa kelele. Anasimama kwenye uzio, anakohoa, anampa nafasi ya kujiweka sawa na kutoka kumwamkia. Asiyetoka amekataa. Na yeye alikuwa ndani mgongo umeelekea njia, kwa kuwa akilielekea dirisha mwanga unamchoma macho. Asubuhi sita mzee alimwona kisogo.

Jumapili alasiri alichukua kidumu cha pombe ya ndizi, akaweka kompyuta na hedifoni kwenye kikapu, akaenda. Leonidasi alimpokea kwa adabu nyingi mno. Akaletewa kiti, akaulizwa habari za Fideli, akaulizwa habari za Wiston. Ernesta alipoeleza kuhusu masikio yaliyofunikwa, mzee alisema amesikia, na akaanza kuzungumzia bei ya kahawa. Mkewe, Rozalia, aliyekuwa anamenya maharage, aliinamia ungo wake.

Ernesta aliona maneno yamefika mwisho. Akamwomba mzee radhi, akamvalisha hedifoni juu ya kofia yake, akamfungulia mazungumzo ya mazoezi ya Kirundi. Uso wa Leonidasi ulifunguka. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubaliana na mtu asiyemwona. Ernesta akaondoka taratibu hadi kwenye uzio, nyuma ya mzee, akasimama pale anaposimama mgeni. Akakohoa. Akasubiri. Akakohoa tena, kwa nguvu. Mara ya tatu kuku walikimbia.

Rozalia ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alimgusa mumewe goti, akamwonyesha nyuma. Mzee akavua hedifoni, akageuka, akamkuta mkamwana wake amesimama nje ya uzio.

"Umekohoa mara ngapi?"

"Tatu, baba."

Mzee aliigeuzageuza ile hedifoni, akabonyeza mito yake kwa kidole gumba.

"Na mimi nilifananaje?"

Ernesta alifikiria kusema uongo wa heshima, kisha akaona siku hiyo haufai. "Kama mtu mwenye dharau, baba."

Mikono ya Rozalia ilisimama juu ya ungo. Leonidasi alimtazama Ernesta, halafu mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akamwambia aingie ndani ya uzio, kwani anasimama huko kama mkusanya kodi. Wakanywa. Kabla hajaondoka Ernesta alimuuliza lile neno la bibi, na mzee akalijua mara moja: ni uchovu unaomrudia uzeeni mtu aliyelima sana ujanani, unaoanzia kiunoni na kupanda. Hauponi kwa kulala, alisema. Ernesta akaliandika.

Mzee alisema tangu sasa atagonga dirisha. Ernesta aliitikia, lakini moyo ulikataa. Baba Leonidasi agonge dirisha kama muuza mayai? Jumamosi akarudi Ngara, akamwomba Mwanamvua hedifoni ya sikio moja, yenye mkanda wa chuma vilevile na maiki ya mkono. Mwanamvua akamwonya kwamba sauti itapungua na jogoo atarudi.

"Jogoo nitamhamisha," Ernesta akasema.

Ile kubwa aliiweka kwa siku za mvua kali, ambazo hakuna apitaye. Jumatatu akakigeuza kiti upande kidogo, akaivaa hiyo mpya sikio la kulia, la upande wa njia akaliacha wazi. Saa mbili na dakika chache, mgonjwa akiwa katikati ya maelezo yake, kikohozi kikasikika kwenye uzio. Ernesta alimwomba daktari nusu dakika, akazima maiki, akasimama, akageuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Fideli." Mzee alinyoosha fimbo kuelekea kompyuta, akashusha sauti. "Wapo?"

"Wapo."

Akaondoka kwa kunyata, mtu mzima yule na fimbo yake, na kikohozi cha pili akakibana mpaka alipoupita mgomba wa mwisho.