Kura ya Diwani Idwal

Idwal Parri hakuwa na nywele. Nalisema hili mapema ili tuelewane. Alibakiwa na kiukanda cha mvi nyuma ya masikio, basi, na bado kila Ijumaa ya pili, saa nne kamili asubuhi, alikuwa mlangoni kwa Menna Prydderch amekuja kunyolewa. Miaka sita! Menna alimfunga kitambaa shingoni, akamzungushia mkasi dakika mbili, halafu wakakaa saa nzima na birika la chai wakiwasengenya watu wa Porth Wenno. Kijiji kizima kilijua kinachoendelea. Asiyejua alikuwa Menna peke yake, au alijifanya hajui, na mjane akiamua kujifanya hajui utamfanya nini?

Sasa ile nyumba haikuwa ya Menna. Alikuwa mpangaji. Chumba cha mbele ndicho saluni, ghorofani ndiko alikolala, na mwenye nyumba alikuwa Bwana Fairclough, mtu wa mbali huko Uingereza, ambaye nyumba zake kumi na moja pale kijijini zilikuwa tayari za watalii. Huyu bwana alitaka ya kumi na mbili. Akapeleka ombi baraza la wilaya, maana siku hizi huko Wales huwezi kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya wageni wa wikiendi bila madiwani kutia mkono. Kibali kikitoka, Menna afungashe virago. Aende wapi? Mtaa wake ulikuwa na nyumba ishirini, na wakati wa baridi zilizowaka taa ni tano.

Na Idwal, mnajua alikuwa nani? Diwani. Tena mjumbe wa kamati ya mipango, ile ile ya kuamua.

Wajumbe walikuwa tisa. Idwal aliwahesabu usiku na mchana. Wanne walikuwa wa kusema hapana, hao aliwaamini. Wanne walikuwa wa kusema ndiyo, wakiongozwa na mwenyekiti, Bi Eurwen Bebb, mama aliyeamini kwamba mtalii hakosei. Wa tisa alikuwa yeye. Akiinua mkono wake, Menna anabaki. Asipouinua, kura zinafungana, na zikifungana anaamua mwenyekiti. Hesabu nyepesi hiyo, hata mtoto angeifanya.

Tatizo lilikuwa sheria moja ndogo yenye sumu. Diwani mwenye faida yake katika jambo, au mwenye uhusiano wa karibu na mtu anayeguswa na jambo hilo, sharti atamke, iandikwe, atoke nje. Hapigi kura. Hachungulii hata dirishani.

Jumatano ya kikao Idwal alifika mapema, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, akamvizia karani wa baraza, Ffion, akipanga makaratasi.

"Ffion, mwanangu, hebu nikuulize. Mtu akinyolewa na mtu, huo ni uhusiano?"

Ffion hakuinua hata macho. "Mheshimiwa, kwa Menna mnanyolewa wote tisa. Nikiwatoa kwa ajili ya nywele, nitabaki mimi na viti."

"Kwa hiyo mteja anapiga kura?"

"Mteja anapiga."

"Na kama mteja anakunywa na chai?"

Hapo Ffion akamtazama. "Chai ngapi, Mheshimiwa?"

"Basi, basi, nilikuwa nauliza tu," akasema Idwal, akaenda kukaa huku masikio yanawaka moto.

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi, unaona? Mteja tu. Afunge mdomo, ainue mkono, arudi nyumbani shujaa. Sababu ya kujitia kitanzi hakuwa nayo hata moja.

Saa saba mchana ukumbi ulijaa. Porth Wenno nzima ilikuja, na wanakijiji wakabanana kwenye viti vya nyuma na biskuti zao mifukoni. Menna alikaa mbele yao, amevaa koti jekundu, karatasi ya hotuba yake ya dakika tatu iko mkononi. Wakala wa Bwana Fairclough, kijana wa tai ya buluu, alivaa vile visikizio vya mkalimani maana kikao kilikuwa kwa Kiwelshi na yeye hakijui, na kwa hiyo kila utani ulimfikia umeshapoa.

"Ajenda ya nne," akasema Bi Eurwen. "Nyumba namba tatu. Kuna mjumbe mwenye uhusiano wa kutamka?"

Tudur Maddocks, diwani mnene wa upande wa ndiyo, akapiga miayo. Ffion akashika kalamu. Idwal alitazama meza. Kaa kimya, mzee, alijiambia. Kaa kimya, ni sekunde tano tu.

"Hakuna," akasema Bi Eurwen. "Karani, andika kwamba hakuna mjumbe mwenye..."

"Yupo!"

Idwal alikuwa amesimama. Hata yeye mwenyewe alishangaa kujiona juu. "Nipo mimi. Nina uhusiano na Bi Menna Prydderch."

"Uhusiano wa namna gani, Mheshimiwa?" akauliza Ffion taratibu. "Inabidi niandike."

"Nampenda."

Ukumbi ukalipuka! Watu walipiga makofi, wakapiga miguu, bibi mmoja akalia "Hatimaye, jamani, hatimaye!" na mwingine akamdai jirani yake keki waliyowekeana dau tangu mwaka juzi. Ndani ya kibanda chake mkalimani alikwama, akajipangusa macho, kisha akatafsiri. Tai ya buluu ikacheka peke yake wakati wenzake wameshanyamaza.

"Na yeye... anajua?" akauliza Ffion.

"Sasa anajua," akasema Idwal, na hakuthubutu kugeuka kumtazama. Akachukua koti lake akatoka.

Nje kwenye korido kulikuwa na benchi moja na picha za wenyeviti waliokufa. Idwal akajibwaga pale, na furaha yote ikamwisha kwa mkupuo. Nne kwa nne! Bi Eurwen anaamua! Amemtangazia mwanamke mapenzi mbele ya halaiki na kumtoa nyumbani kwake kwa pumzi hiyo hiyo. "Mjinga wewe," akajiambia kwa sauti. "Mjinga wa kutupwa."

Ndipo aliposikia, kupitia mlangoni, sauti ya yule bibi wa kwanza.

"Na mashuka je, Tudur?"

Kicheko. Sauti ya Bi Eurwen ikidai utulivu. Halafu sauti nyingine: "Eeh, mwulizeni! Mashuka ya nyumba zote za Fairclough yanafuliwa na kuanikwa uani kwake, kwa malipo! Sisi hatuna macho?"

"Mzee Idwal katoka kwa ajili ya kikombe cha chai, wewe na mzigo wote ule wa mashuka unakaa?"

Ffion alisikika akisoma kifungu, polepole, neno kwa neno, hasa pale panapotaja adhabu. Mlango ukafunguliwa, akatoka Tudur, uso mwekundu kama koti la Menna.

"Umeniponza, Idwal!"

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Umetamka! Ungekaa kimya tungekaa kimya wote. Sogea huko."

Akasogea. Hawajatulia vizuri, zogo likaanza upya ndani. "Na shemeji yako fundi wa mapaa ya Fairclough je?" Mlango ukafunguliwa, akatoka wa pili wa upande wa ndiyo, hasemi na mtu. Baada yake akatoka wa tatu, mama mwenye funguo za zile nyumba kumi na moja zinaning'inia kwenye mkoba wake mwenyewe, zinalia njia nzima. Benchi likajaa. Wanne wakakaa wamebanana, wanatazamana na wenyeviti waliokufa.

Idwal akaanza kuhesabu kwa vidole. Ndani wamebaki watano. Wanne wa hapana, na Bi Eurwen. Akahesabu tena. Akahisi kicheko kinampanda kutoka tumboni, akakiziba kwa mkono, kikatokea puani.

"Unacheka nini?" akafoka Tudur.

"Sicheki. Ni mafua."

Walimsikia Menna akisoma dakika zake tatu, sauti inapanda na kushuka. Kisha kimya cha kupiga kura. Kisha makelele ambayo hayakuhitaji mkalimani. Watano kwa sifuri: hata Bi Eurwen aliwatazama wale watu wa viti vya nyuma, akakumbuka uchaguzi ni mwakani, akainua mkono wa hapana.

Menna akatoka wa kwanza, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama mbele ya Idwal mikono kiunoni.

"Wewe mzee una wazimu? Ulikuwa na kura ya kuninusuru, ukaitupa! Ulijua hawa watatoka?"

"Sikujua."

"Kwa hiyo ningekuwa barabarani sasa hivi."

"Ndiyo. Nisamehe, Menna."

"Si ungekaa kimya tu? Sekunde tano?"

Idwal akainuka. "Nilitaka kukaa. Lakini yule karani alikuwa anaandika kwamba hakuna. Ingebaki kwenye vitabu vya baraza kwamba mimi nilikuwepo, nikaulizwa, na wewe si kitu kwangu. Nilishindwa. Ulimi ulikataa."

Menna akautupia jicho mlango nyuma yake.

"Yule kijana wa tai anasema wanaleta ombi jingine mwezi wa tisa," akasema. "Utatoka tena?"

"Nitatoka."

"Na mwakani wakileta?"

"Nitatoka. Kila mara. Sitakusaidia hata kura moja maishani, Menna, nakwambia ukweli."

"Kura nitaziomba kwa wengine," akasema Menna, akimshika kola kwa mikono miwili. "Wewe nina kazi nyingine na wewe."

Akambusu mdomoni, pale pale, bila haraka. Madiwani watatu kwenye benchi hawakuwa na pa kwenda, wakainua macho wote kwa pamoja wakaanza kuzisoma tarehe za vifo.